Vioo Mia Mbili

Msimamizi wa masomo wa Mama Pacha alikuwa na utaratibu usiobadilika: shikamoo kwanza, kalamu nyekundu baadaye. Alikuwa na miaka thelathini na minane, shahada ya uzamivu na ofisi yenye dirisha moja. Kila Mama Pacha alipoingia, alisimama, akamwamkia, akamvutia kiti, ndipo akaketi na kuichambua sura ya tatu mpaka ikabaki mifupa. Jumanne ile, tarehe nane, alisahau kuamkia. Mama Pacha akajua kuna jambo kabla hata hajaweka mkoba chini.

"Mama, hebu njoo upande huu uone."

Aligeuza kompyuta. Kwenye skrini palikuwa na jedwali dogo. Vioo vya damu vilivyosomwa: mia mbili. Vioo ambavyo wasomaji wawili walitoa jibu moja: mia mbili.

"Si ndiyo vizuri?" aliuliza Mama Pacha.

"Ni vizuri kupita kiasi. Watu wawili hawawezi kutazama vitu mia mbili wakaviona sawasawa vyote. Hata mashine mbili haziwezi. Watahini wakiliona jedwali hili watasema moja kati ya mawili: ama ulikaa nyumbani ukajaza mwenyewe, ama mmoja wenu alikuwa anachungulia jibu la mwenzake."

"Sikujaza, Daktari."

"Najua hukujaza. Mimi nakufahamu. Wao hawakufahamu."

Tarehe thelathini ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kuwasilisha tasnifu. Chuo kilikuwa kimemwongezea muda mara mbili, na barua ya mara ya pili ilisema hakutakuwa na ya tatu. Akikosa tarehe hiyo, jina lake lingefutwa, na miaka minne na nusu ya kusoma ingekuwa hadithi ya kuwasimulia wajukuu, kama wangetokea wa kutaka kuisikia. Alikuwa na siku ishirini na mbili.

Mama Pacha alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Miaka ishirini na saba kati ya hiyo aliitumia katika chumba kimoja cha maabara ya hospitali, akitafuta wadudu wa malaria kwenye damu za watu. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Tone la damu linakaushwa juu ya kioo chembamba, linatiwa rangi, linawekwa chini ya hadubini. Msomaji hatazami tone zima kwa mara moja. Anatazama kieneo kidogo cha mviringo, wao wanakiita uwanja, kisha anasogeza kioo mpaka uwanja mwingine. Huruhusiwi kuandika kwamba wadudu hawapo mpaka umalize viwanja mia. Wadudu wakiwa wengi, mtoto wa shule atawaona. Wakiwa wachache, mmoja hapa na mwingine viwanja arobaini mbele, ndipo msomaji anapojulikana.

Na yeye alijulikana. Madaktari waliokuwa na shaka na jibu walikuwa wanauliza, "Hiki amekisoma Mama Pacha?" Wakiambiwa ndiyo, mjadala ulikwisha.

Swali lililompeleka chuoni lilitoka kwa baba mmoja aliyekuja kaunta na karatasi mbili za mtoto wake, moja ya hospitali ile na nyingine ya zahanati. Moja ilisema wadudu wapo, nyingine ilisema hawapo. Akazilaza pamoja, akauliza kwa upole kabisa, "Mama, niamini ipi?" Mama Pacha alimjibu kwamba aamini ya kwao. Baba akaondoka. Jibu lile lilimkaa kama mfupa kooni, kwa sababu alijua amelitoa kwa mazoea tu. Watu wawili wakitazama kioo kimoja, ni mara ngapi wanaona kitu kimoja? Alianza kuuliza, akagundua kwamba kuuliza vizuri kunahitaji shahada ya uzamili.

Siku ya kwanza darasani wanafunzi kumi na watatu walinyamaza ghafla alipoingia. Akadhani mhadhiri anakuja nyuma yake, naye akageuka kumtazama. Mlangoni hapakuwa na mtu. Mhadhiri waliyemnyamazia alikuwa yeye.

Wenzake hao walikuwa rika la wanawe mapacha. Walimwita Mama, walimwekea kiti cha mbele, walimfundisha kutengeneza jedwali kwa kompyuta, kisha wakamaliza masomo wakaenda zao. Kundi lao la simu lilipoanza liliitwa "Uzamili Maabara". Siku moja mtu akalibadilisha jina likawa "Waliohitimu". Mama Pacha alikuwa bado ndani. Hakuna aliyethubutu kumwondoa, wangemwondoaje mama? Hivyo kila asubuhi alifungua simu na kujikuta miongoni mwa waliohitimu, akisoma nafasi za kazi ambazo hakuwa na sifa za kuziomba.

*

Mumewe alikuwa seremala. Ndiye aliyemtengenezea masanduku mawili ya mbao ya kutunzia vioo vya utafiti, kila moja na vijinafasi mia, akajisifia wiki nzima. Tangu mkewe aanze chuo alikuwa anamwita Mwanafunzi.

"Mwanafunzi, mbona leo hata viatu hujavua?"

Alimweleza. Seremala alisikiliza huku akipiga msasa mguu wa stuli.

"Kwa hiyo kosa lenu ni kukubaliana?"

"Kukubaliana kupita kiasi."

"Basi wangekuja hapa kwetu. Mimi na wewe hatujakubaliana hata pa kuweka kabati, mwaka wa thelathini huu. Data safi kabisa."

Mama Pacha hakucheka. Seremala akaweka msasa chini.

"Wewe unadhani nini kimetokea?"

"Nadhani najua. Ndiyo maana sivui viatu. Naogopa nikikaa nitaanza kujidanganya."

*

Msomaji wa pili alikuwa mfanyakazi mwenzake, mtu mzima wa miaka thelathini na minne, baba wa watoto wawili, ambaye maabara nzima ilimwita Mpole. Alikuja pale akiwa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, na Mama Pacha ndiye aliyemkalisha mbele ya hadubini na kumwonyesha mdudu wa kwanza maishani mwake. Kwenye utafiti walisoma kwa zamu. Mama Pacha alisoma kwanza na kuandika jibu lake upande wa kushoto wa daftari, kisha akafunika safu yake kwa kipande cha boksi na kumwachia Mpole aandike kulia. Kipande hicho hakikubandikwa kwa gundi wala kufungwa kwa pini. Kililala tu.

Asubuhi iliyofuata alimkuta anapanga chupa za sampuli.

"Mpole, wewe ni mwanangu. Nitakuuliza kitu, na usinijibu kwa adabu."

"Uliza, mama."

"Ulikuwa unainua lile boksi?"

Chupa ziliendelea kupangwa, mbili, tatu, nne, zote zikiwa tayari zimekaa sawa.

"Nilikuwa nasoma kwanza, mama. Haki ya Mungu nilikuwa nasoma kila kioo. Viwanja mia."

"Halafu?"

"Halafu naangalia kama tumelingana."

"Na tusipolingana?"

"Narudia."

"Ukirudia ukaona vilevile?"

Mpole alimtazama kwa mara ya kwanza tangu wameanza kuzungumza. "Naandika ulichoandika wewe."

"Kwa nini?"

"Mama! Wewe ndiye uliyenifundisha kuona. Nitasimama mimi kwenye karatasi ya chuo, niandike kwamba mwalimu wangu hakuona? Watu wasome? Nilijua ni mimi nimekosea. Na nilijua una haraka ya kumaliza. Nikasema angalau nisimharibie."

"Nisimharibie," Mama Pacha alirudia. Alitafuta hasira ndani yake akakosa hata ya kukopa. Mtu alikuwa amemheshimu mara mia mbili, kioo baada ya kioo, mpaka utafiti ukafa. Na kosa la kwanza halikuwa la Mpole. Ni yeye aliyejipa zamu ya kwanza. Ni yeye aliyedhani kipande cha boksi kinatosha kumzuia mtu mwenye adabu.

"Vilikuwa vingapi ambavyo hatukulingana?"

"Sikuhesabu, mama."

*

Msimamizi alisikia habari yote bila kukatiza. Kisha akasema vioo visomwe upya, vyote, kwa njia ambayo hata Mpole mwenyewe akitaka kuheshimu asijue aheshimu jibu lipi. Binti wa Mama Pacha, yule pacha wa kike aliyekuwa nyumbani akisubiri ajira, alifunika namba za zamani kwa karatasi ya gundi, akavichanganya vioo na kuvipa namba mpya alizozijua yeye peke yake. Mpole angesoma chumba cha nyuma, Mama Pacha chumba cha mbele, kila jibu katika bahasha yake, bahasha kwa binti. Vioo ambavyo wangetofautiana vingepelekwa kwa msomaji wa tatu katika maabara nyingine, mtu ambaye hajawahi kukutana na yeyote kati yao.

"Na sitaki soga," binti aliwaambia siku ya kwanza, amesimama mlangoni na sanduku la baba yake kifuani kama askari wa ghala. "Baba Mpole, usimuulize mama kitu. Mama, usigune. Ukiguna ataelewa."

"Mimi huwa naguna?"

"Mama, wewe ukiona mdudu unaguna. Nyumbani ukiona kunguni unaguna hivyohivyo."

Walianza Alhamisi, tarehe kumi, vioo kumi na vitano kwa siku baada ya zamu, Jumapili ikiwemo. Hesabu ilikuwa inatosha kwa kubana: siku kumi na nne za kusoma, siku mbili za msomaji wa tatu, siku tano za kuandika. Mtu mmoja akiugua, au hadubini moja ikikataa, basi.

Mama Pacha alikuwa amejiandaa kuogopa tarehe. Kufikia siku ya nne aliona kwamba tarehe haimsumbui sana. Kilichomsumbua kilikuwa ndani ya uwanja. Kwa miaka ishirini na saba, alipotazama akakuta hakuna, aliandika hakuna na kuendelea. Sasa kila akimaliza uwanja wa mia mkono unakuwa mzito. Alirudi nyuma, akafuta kioo cha hadubini, akatazama tena. Kuna weupe ulikuwa unaelea pembeni, kama mvuke kwenye dirisha la jiko. Alibadilisha taa. Weupe ukabaki. Akabadilisha hadubini, ukamfuata huko.

Hapo kuna jambo dogo ambalo hata mumewe hakulijua. Mama Pacha alijifunza kazi kwenye hadubini ya zamani yenye tundu moja la kutazamia, na mwalimu wake aliwazoesha kutumia jicho la kushoto ili la kulia libaki kwenye daftari. Hadubini za matundu mawili zilipokuja, alizikalia kama wengine, lakini jicho la kulia aliliacha nusu limefumba, kwa mazoea. Kwa hiyo miaka yote ile, kila damu ya kila mgonjwa ilipita kwenye jicho moja.

Siku ya nane, wakati wa mapumziko ya mchana, alitembea hatua mia mbili kutoka maabara hadi kliniki ya macho ya hospitali hiyohiyo. Hakuwahi kuingia humo ila kupeleka majibu. Daktari wa macho alimmulika, akammulika tena.

"Kushoto kuna mtoto wa jicho anaanza. Mdogo tu, mama. Kwa kutembea na kusoma gazeti bado hatakusumbua."

"Kwa muda gani amekuwepo?"

"Siwezi kusema. Mwaka mmoja, mitatu. Unafanya kazi gani?"

"Natazama," alisema Mama Pacha.

Hakumweleza mtu. Vioo vilivyobaki alivisoma kwa macho yote mawili, jicho la kulia likimwaga machozi kwa kazi lisiyoizoea. Lakini vile mia na tano vya siku saba za kwanza vilikwisha kutiwa kwenye bahasha, na kuomba avirudie kungekuwa kuchungulia kwa namna nyingine.

*

Ijumaa, tarehe ishirini na tano, msimamizi alifungua bahasha ya matokeo aliyoyajumlisha binti. Mama Pacha alikaa kwenye kiti chake cha kawaida, Mpole akasimama mlangoni kama mtu anayesubiri kuitwa mahakamani.

Kati ya vioo mia mbili, walikubaliana mia na sabini na saba. Walitofautiana ishirini na tatu.

"Hii sasa ni data ya binadamu," alisema msimamizi, na sauti yake ililegea. "Hii inatetewa." Kisha akafungua karatasi ya msomaji wa tatu, akasoma kimoyomoyo, akaiweka mezani taratibu.

Katika tofauti ishirini na tatu, Mama Pacha alikuwa sahihi mara sita. Mpole alikuwa sahihi mara kumi na saba. Katika hizo kumi na saba, kumi na nne zilikuwa za namna moja: wadudu wachache sana, Mpole amewaona, Mama Pacha ameandika hawapo. Vyote kumi na vinne vilikuwa vya siku saba za kwanza.

Mpole alianza kusema kitu. Mama Pacha aliinua kiganja.

"Mara ya kwanza ile, kabla ya kuinua boksi. Wadudu wa vioo hivi kumi na vinne uliwaona?"

"Baadhi, mama."

"Ukawafuta."

"Nikawafuta."

Jioni hiyo alikwenda kwenye rejista ya wagonjwa. Binti alimpa namba za zamani. Mara ya kwanza pia, vioo vyote kumi na vinne alikuwa ameandika hawapo, na jibu hilo ndilo lililotoka dirishani kwenda kwa wagonjwa wenyewe. Wanane walirudi ndani ya wiki mbili, wakapimwa upya, wakatibiwa. Sita hawakuonekana tena kwenye rejista. Huenda walipona. Huenda walikwenda kwingine. Rejista haisemi zaidi ya hapo, naye alikaa akiwa ameweka kidole kwenye jina la sita mpaka mlinzi akaja kufunga.

Tasnifu ilikuwa na sehemu ya kueleza wasomaji. Msimamizi alimwambia bila kumtazama sana kwamba kanuni hazidai majina. Msomaji A, Msomaji B, inatosha. Wengi huandika hivyo. Kwa siku tatu Mama Pacha aliandika hivyo. Siku ya nne aliongeza sentensi, akaifuta, akaiongeza tena. Alijua uzito wake. Watahini wangeweza kusema mtafiti mwenyewe ndiye kasoro ya utafiti wake. Hospitali ingesoma. Madaktari wa "amekisoma Mama Pacha?" wangesoma. Tarehe thelathini saa tisa alasiri aliipeleka tasnifu ofisini, sentensi ikiwa ndani: *Msomaji A ni mwandishi wa tasnifu hii.*

"Ungeiacha tu, Mwanafunzi," mumewe alimwambia. "Nani angejua?"

"Mpole anajua. Akiona nimejificha, kesho ataniheshimu tena."

*

Utetezi ulifanyika wiki sita baadaye, katika chumba chenye meza ndefu na watahini watatu. Mama Pacha alikuwa wa mwisho katika ratiba ya asubuhi. Kwenye benchi la nje walikaa vijana wawili wakinong'ona na kufungua kurasa. Mmoja alimwamkia akamuuliza kama amemsindikiza binti yake.

"Nimejisindikiza," alisema.

Aliongea dakika ishirini. Mara mbili alipoteza ukurasa. Mtahini wa katikati, profesa mwenye kikohozi kikavu, alifungua palipo na sentensi ile, akaibandika kidole.

"Mama, hapa umejiandika mwenyewe. Unasema Msomaji A aliwakosa wadudu katika vioo kumi na vinne, na Msomaji A ni wewe. Nimekuelewa?"

"Umenielewa, Profesa."

"Una uzoefu wa miaka ishirini na saba."

"Ndiyo."

"Sasa tueleze kitaalamu. Shida ya Msomaji A ilikuwa nini?"

Alisikia saa ya ukutani, na nje, mtu akiburuta kiti.

"Jicho la kushoto," alisema. "Na watu wanaomheshimu. La jicho lilionekana kliniki kwa dakika tano. Hilo la pili lisingeonekana kamwe kama Daktari hapa asingelikataa jedwali langu la kwanza. Nimelieleza ukurasa wa sitini na moja, pamoja na boksi."

Profesa alikohoa. Hakuandika kitu, au aliandika na Mama Pacha hakuona. Wakamtoa nje. Alikaa kwenye benchi dakika thelathini na tano, na katika muda huo aliamini kabisa, mara tatu tofauti, kwamba ameshindwa. Walipomrudisha, waliisoma karatasi kwa haraka kama watu wenye njaa: amefaulu, kwa masharti ya marekebisho madogo, wiki nne. Msimamizi wake alisimama, akamwamkia. Ilikuwa shikamoo ya pili siku hiyo.

Kundi la simu lilipiga kelele mpaka betri ikaisha. Mtu mmoja aliandika kwamba sasa jina la kundi limekuwa la kweli.

*

Jumatatu iliyofuata maabara ilikuwa na utaratibu mpya, Mama Pacha ameuandika mwenyewe na kuubandika ukutani. Kila kioo cha kumi kinasomwa na wawili. Mdogo anasoma kwanza. Karatasi ya kwanza inaingia kwenye sanduku la mbao la seremala, ambalo sasa lina kufuli, na ufunguo uko kwa mkuu wa zamu.

Ilipofika zamu ya Mama Pacha, Mpole alikuwa amekwisha kusoma na kufunga. Alibaki amesimama karibu kuliko ilivyokuwa lazima.

"Usinitazame," alisema Mama Pacha.

"Sikutazami, mama."

"Na usinihurumie."

"Nimeandika nilichoona. Nimeona, nimeandika, nimefunga."

"Kwa hiyo umeona."

Mpole alifunika mdomo kwa kiganja. Binti angekuwepo angewafukuza wote wawili.

Mama Pacha alikitoa kioo hicho kwenye jaribio, jibu la Mpole liende kwa mgonjwa, akachukua kingine na kumrudisha Mpole chumba cha nyuma akaanze upya. Alisubiri dakika kumi, mikono mapajani. Kufuli ilipolia, alisogeza kiti, akafumbua macho yote mawili, akainama. Alifika uwanja wa ishirini, wa arobaini, wa sitini. Bado hakuwa ameona kitu, na hakuinua kichwa.